Pumzi na Kiasi Chake

Mwishoni mwa Agosti 1952, daktari wa usingizi aitwaye Bjørn Ibsen aliitwa katika hospitali ya Blegdam, jijini Copenhagen, kutoa maoni kuhusu wagonjwa ambao hawakuwa wake. Blegdam ilikuwa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na Denmark ilikuwa katikati ya mlipuko mkubwa wa polio. Kila siku waliletwa watoto na vijana ambao virusi vilikuwa vimeshalegeza mikono na miguu yao. Kwa baadhi yao virusi vilikuwa vimefika kwenye misuli ya kumeza na ya kupumua. Hospitali ilikuwa na mashine moja tu ya kupumulia ya aina ya pipa la chuma, ambalo mgonjwa hulazwa ndani yake kichwa kikabaki nje, pamoja na vifaa sita vidogo vya kuvalishwa kifuani. Katika wiki tatu za mwanzo wagonjwa 31 waliolemewa na pumzi walitibiwa kwa vifaa hivyo. Walikufa 27.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, kwa Kiingereza cha madaktari na kwa kamusi pembeni, maana mimi si daktari. Kila ninapoirudia, kinachonishika ni karatasi ya maabara. Maabara ya Blegdam ilikuwa ikipima jumla ya hewa ukaa iliyomo katika damu ya wagonjwa, na kipimo hicho kilikuwa juu sana. Madaktari waliokuwa zamu walikitafsiri kwamba damu imezidi magadi, yaani imekosa asidi, jambo ambalo hawakuweza kulieleza. Ibsen alikuwa amefanya kazi kwenye vyumba vya upasuaji, na alikuwa ameona kinachompata mgonjwa aliyelazwa usingizi akawa anapumua kidogo mno. Alipoangalia namba ileile alisema jambo tofauti kabisa: hawa watu hawawezi kutoa pumzi yao nje. Hewa ukaa imejaa ndani, na damu yao imekuwa ya asidi.

Ubishi ule ungeweza kuendelea kwa wiki nzima. Ulimalizwa na kifaa. Poul Astrup, aliyekuwa mkuu wa maabara ya hospitali, alikuwa na namna ya kupima uasidi wa damu moja kwa moja. Walipima, na damu ikawa ya asidi, kama Ibsen alivyosema.

Tarehe 27 Agosti walimchukua msichana wa miaka 12 ambaye hakuna aliyetarajia aishi. Wakamtoboa tundu kwenye koo, wakapitisha mpira, na Ibsen akaanza kumsukumia hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Mwanzoni msichana alipambana na ule mfuko, hewa haikupita vizuri na hali ikawa mbaya mbele ya madaktari waliokuja kushuhudia. Ibsen akampa dawa ya kumlaza. Mwili ukalegea, hewa ikapita, na hewa ukaa katika damu ikashuka. Msichana akaishi.

Kilichofuata kinajulikana na kila anayesoma historia ya tiba. Mashine hazikuwepo za kutosha, kwa hiyo wakaitwa wanafunzi wa udaktari. Wanafunzi wapatao 1,500 walipeana zamu, usiku na mchana, kila mmoja akiwa ameketi kando ya kitanda akiminya mfuko. Kwa jumla walitumia saa 165,000. Vifo vya wagonjwa waliopooza pumzi, ambavyo mwanzoni vilikuwa karibu tisa kwa kila kumi, vilishuka hadi takriban robo mwishoni mwa mlipuko. Mwaka uliofuata, Desemba 1953, Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya Copenhagen chumba maalumu cha kuwaangalia kwa saa 24 watu walio kati ya uhai na kifo. Wengi wanakihesabu kuwa ndicho cha kwanza cha aina ya kile ambacho leo tunakiita ICU, chumba cha wagonjwa mahututi.

Nimeanza na polio kwa sababu swali ninalotaka kulifuata lilizaliwa pale: damu ya mtu anayepigania uhai inatuambia nini, na tukishaambiwa tufanye nini? Swali hilo limehamia kwa wagonjwa wengine, hasa wale ambao moyo wao umesimama kisha ukarudishwa. Na jibu lake limegeuka mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Damu hubeba gesi mbili zinazotuhusu hapa. Oksijeni inaingia kupitia mapafu na kupelekwa mwilini. Hewa ukaa inatoka mwilini na kurudishwa kwenye mapafu ili itolewe nje. Daktari akitaka kujua hesabu hiyo inakwendaje, huchoma sindano kwenye ateri, mara nyingi pale kwenye kifundo cha mkono tunapohesabia mapigo, na kutoa damu kidogo. Mashine hutoa majibu kwa dakika chache. Kwa mtu mzima mwenye afya, shinikizo la oksijeni huwa kati ya milimita 75 na 100 za zebaki, la hewa ukaa kati ya 35 na 45, na kipimo cha uasidi, kinachoandikwa pH, huwa kati ya 7.35 na 7.45. Shuka kidogo chini ya hapo au panda kidogo, na moyo na ubongo vinaanza kulalamika.

Mashine hiyo haikuwepo mwaka 1952. Astrup alitengeneza njia ya mzunguko: aliipima damu pH, akaipitishia hewa ukaa ya kiwango anachokijua, akaipima tena, akachora mstari kwenye karatasi na kusoma jibu. Oksijeni ikabaki fumbo. Mmarekani Leland Clark alikuwa ametengeneza chombo cha kutia oksijeni kwenye damu nje ya mwili, lakini makala yake yalikataliwa na jarida kwa sababu hakuwa na namna ya kupima oksijeni iliyoingia. Mwaka 1954 alifunika elektrodi kwa ngozi nyembamba ya plastiki inayopitisha gesi na kuzuia damu, na kipimo kikapatikana. Muda mfupi baadaye John Severinghaus, daktari wa usingizi aliyeanza maisha kama mwanafizikia, aliboresha wazo la Richard Stow la kupima hewa ukaa kwa njia kama hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Severinghaus na fundi wake Freeman Bradley walikuwa wameweka elektrodi zote tatu katika chombo kimoja. Mashine zilizopo hospitalini leo ni wajukuu wa chombo kile.

Wakati huohuo, mjini Baltimore, watu wengine walikuwa wakishughulika na moyo uliosimama. Kabla ya hapo moyo ukisimama hospitalini, daktari jasiri alipasua kifua na kuukamua kwa mkono. Nje ya hospitali hapakuwa na la kufanya. Katika miaka ya 1950 James Elam na Peter Safar walionyesha kwamba pumzi tunayoitoa, ambayo bado ina oksijeni kama asilimia 16, inatosha kumweka hai mtu asiyepumua akipuliziwa mdomoni. Kisha mwanafunzi wa uhandisi, Guy Knickerbocker, akaona jambo katika maabara ya Johns Hopkins: alipozikandamiza pedi nzito za kushtulia moyo kwenye kifua cha mbwa, shinikizo la damu lilipanda hata kabla umeme haujapita. Mwalimu wake William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme, pamoja na daktari wa upasuaji James Jude, wakalifuatilia. Julai 1960 wakachapisha habari za wagonjwa 20 waliokandamizwa kifua kwa mikono mitupu. Kati yao 14 walipona.

Idadi ile ilikuwa nzuri mno kwa sababu wengi wa wagonjwa wale walikuwa tayari hospitalini, wamezungukwa na madaktari, moyo uliposimama. Njia hiyo ilipotoka kwenda mitaani, matokeo yalikuwa magumu zaidi. Hapo ndipo jambo jipya lilipoonekana. Mtu angeweza kurudishiwa mapigo, akapelekwa wodini, kisha akafa baada ya siku mbili au tano bila kufumbua macho. Mrusi Vladimir Negovsky, ambaye tangu 1936 alikuwa akiendesha maabara ya kufufua mjini Moscow, mwaka 1972 alipendekeza kwamba hali hii ihesabiwe kuwa ugonjwa unaojitegemea, ugonjwa wa baada ya kufufuliwa. Moyo kusimama ni dhara la kwanza. Damu kurudi kwa nguvu kwenye viungo vilivyokuwa na njaa ni dhara la pili.

Sasa madaktari walikuwa na mashine ya kuwaonyesha dhara hilo kwa namba. Damu ya mtu ambaye moyo wake umesimama kwa dakika 10 hutisha kuisoma: oksijeni imeisha, hewa ukaa imerundikana, asidi imepanda. Ukiwa na namba mbaya mkononi, kishawishi cha kwanza ni kuirekebisha namba. Kwa miaka mingi wagonjwa waliosimamiwa na moyo walimiminiwa sodiamu bikaboneti mshipani, magadi yaleyale kwa lugha ya jikoni, ili kuua asidi. Na kweli namba ya pH ilipanda. Lakini bikaboneti ikikutana na asidi hutoa hewa ukaa, ambayo mwili usio na mzunguko mzuri hauwezi kuiondoa, nayo hupenya ndani ya seli. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 miongozo ya Marekani iliacha kuipendekeza kama dawa ya kila mgonjwa. Karatasi ya maabara ilikuwa imependeza kwa miaka ishirini na zaidi, na mgonjwa hakufaidika kiasi kilichotarajiwa.

Hapa naomba niseme kwa nini mambo haya yananihusu. Miaka kadhaa iliyopita moyo wa mama mkubwa ulisimama akiwa mapokezi ya hospitali moja ya mjini. Walimkandamiza kifua pale pale sakafuni, na moyo ukarudi. Akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Sisi ndugu tuliruhusiwa kuingia wawili wawili, saa sita na saa kumi na moja jioni. Siku ya pili baba mdogo alimwona nesi akigeuza kitufe cha mashine kupunguza oksijeni, akashtuka.

"Sista, mbona unampunguzia? Si mwongeze tu hewa, mama yetu apate nguvu?"

"Baba, hii ni dawa kama dawa nyingine," nesi alimjibu bila kukasirika. "Ina dozi yake. Damu ya asubuhi imeonyesha imezidi."

Baba mdogo alinyamaza, lakini nje kwenye mabenchi jambo hilo lilizungumzwa mpaka usiku. Shangazi alisema hospitali inabana matumizi. Binamu mmoja alisema mitungi inauzwa. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya kuandikia namba, kwa sababu nilikuwa mdogo wao na nilikuwa na kalamu, na kila asubuhi daktari alinisomea: oksijeni kadhaa, hewa ukaa kadhaa, pH kadhaa. Asubuhi ya siku ya nne zote tatu zilikuwa ndani ya kiwango cha kawaida. Nilitoka nje nikawasomea wakubwa zangu, na mama yangu akasema alhamdulillahi. Mama mkubwa alifariki alasiri ya siku hiyo.

Sikumlaumu mtu, na hata leo simlaumu. Nilichobaki nacho ni maswali mawili. Kwa nini hewa inaweza kuzidi? Na namba nzuri inamfaa nini mtu asiyeamka?

Swali la kwanza lina historia ya kuhuzunisha. Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, alieleza aina mpya ya upofu kwa watoto njiti. Upofu huo ulienea katika miaka iliyofuata, na cha ajabu ulienea zaidi katika hospitali nzuri za nchi tajiri. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne alielekeza kidole kwenye oksijeni: hospitali zenye uwezo zilikuwa zikiwajazia watoto oksijeni nyingi katika visanduku vyao vya joto, kwa upendo na kwa tahadhari. Jaribio lililofanywa katika hospitali 18 za Marekani mwaka 1953 na 1954 lilithibitisha. Oksijeni iliyozidi huvuruga mishipa midogo ya damu katika jicho ambalo halijakomaa. Kufikia hapo watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka.

Basi hospitali zikabana oksijeni. Upofu ukapungua. Lakini mwaka 1973 daktari Mwingereza, Kenneth Cross, alipiga hesabu ya vifo vya watoto wachanga katika miaka ya kubana, akakadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa macho, huenda watoto 16 walikufa kwa kukosa oksijeni. Siku zile hapakuwa na njia rahisi ya kupima damu ya mtoto mdogo kiasi kile. Walipunguza wakiwa gizani.

Kwa watu wazima waliorudishwa na moyo, shaka kama hiyo ilichelewa kufika. Desturi ilikuwa oksijeni asilimia 100, na ikaachwa hivyo kwa saa nyingi. Nani angemnyima hewa mtu aliyetoka kuikosa? Lakini maabara zilikuwa zimeonyesha kwamba seli za ubongo zilizokaa na njaa, zikimwagiwa oksijeni ghafla, hutoa kemikali kali zinazoendelea kuziunguza. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Marekani wakiongozwa na Hope Kilgannon walichapisha hesabu ya wagonjwa 6,326 kutoka hospitali 120. Waliangalia kipimo cha kwanza cha gesi za damu baada ya kufika chumba cha mahututi. Waliokuwa na oksijeni ya milimita 300 na kuendelea walikufa asilimia 63. Waliokuwa na oksijeni ya kawaida walikufa asilimia 45. Hata waliokuwa na upungufu walikufa asilimia 57, pungufu ya wale waliozidishiwa.

Utafiti ule ulitikisa vyumba vya mahututi. Nesi aliyegeuza kitufe mbele ya baba mdogo alikuwa, kwa namna fulani, mtoto wa utafiti ule. Lakini mwaka uliofuata Rinaldo Bellomo na wenzake wa Australia na New Zealand walipitia kumbukumbu za wagonjwa 12,108. Wao walichukua kipimo kibaya kuliko vyote katika saa 24 za kwanza, wakazingatia ukali wa ugonjwa wa kila mmoja, na uhusiano kati ya oksijeni kuzidi na kifo ukafifia sana.

Msomaji asiyezoea takwimu anaweza kuuliza, nani anadanganya? Hakuna. Tafiti zote mbili zilisoma kumbukumbu za mambo yaliyokwisha kutokea. Mgonjwa anayeonekana yuko hoi ndiye anayeachiwa oksijeni asilimia 100, na ndiye pia anayeelekea kufa. Ukimkuta na oksijeni nyingi na amekufa, bado hujui kama oksijeni ilimuua au ilikuwa shahidi tu wa hali yake. Ili kujua, unahitaji kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wapewe kidogo, wengine zaidi, kisha usubiri.

Majaribio ya namna hiyo yamefanyika, na matatu kati yake yananisaidia kufikiri.

La kwanza lilifanyika Australia, kwenye magari ya wagonjwa. Liliitwa EXACT. Mtu ambaye moyo wake umerudi akiwa bado njiani alipunguziwa oksijeni, lengo likiwa asilimia 90 hadi 94 kwenye kipima cha kidoleni, au aliachwa kwenye asilimia 98 hadi 100. Jaribio lilikatizwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, likiwa na wagonjwa 425. Kati ya waliopunguziwa, asilimia 38.3 walitoka hospitalini wakiwa hai. Kati ya wasiopunguziwa, asilimia 47.9. Kitakwimu tofauti hiyo imekaa mpakani kabisa, na idadi ya watu ni ndogo kuliko ilivyopangwa. Hata hivyo hakuna anayeweza kuisoma akasema kupunguza mapema ni salama. Waliopunguziwa pia walipatwa mara nyingi zaidi na vipindi vya oksijeni kushuka kupita kiasi kabla ya kufika chumba cha mahututi.

La pili liliiangalia hewa ukaa. Hewa ukaa hutanua mishipa ya damu ya ubongo, kwa hiyo palikuwa na matumaini kwamba kuiacha ipande kidogo kungeupelekea ubongo uliojeruhiwa damu zaidi. Kumbukumbu za hospitali zilionyesha dalili hiyo: wenye hewa ukaa iliyopanda kiasi walionekana kwenda nyumbani zaidi. Jaribio la TAME, lililochapishwa mwaka 2023, liligawa wagonjwa 1,700 katika nchi 17. Nusu waliwekwa kwenye milimita 50 hadi 55 kwa saa 24, nusu kwenye 35 hadi 45. Baada ya miezi sita, waliokuwa na ubongo unaofanya kazi vizuri walikuwa asilimia 43.5 katika kundi la kwanza na 44.6 katika la pili. Hakuna tofauti. Dalili nzuri ya kwenye kumbukumbu haikugeuka kuwa dawa.

La tatu linaturudisha Denmark. Mwaka 2022, miaka 70 baada ya wanafunzi wale na mifuko yao, hospitali za Copenhagen na Odense zilichapisha matokeo ya jaribio la BOX. Wagonjwa 789 waliokuwa bado hawajaamka baada ya moyo kurudi waligawanywa: wengine waliwekewa lengo la oksijeni ya milimita 68 hadi 75, wengine 98 hadi 105. Vipimo vilitoka kwenye ateri. Katika siku 90, waliokufa au kubaki na ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 32.0 katika kundi la chini na 33.9 katika kundi la juu. Yaani sawasawa.

Ukiyaweka EXACT na BOX kando kwa kando, yote mawili yanazungumzia kupunguza oksijeni, na yametoa sauti mbili. Yako tofauti nyingi kati yake, ikiwemo muda: dakika za mwanzo barabarani si sawa na siku za kitandani. Lakini tofauti ninayoiona kubwa ni ya kipimo. Kwenye gari la wagonjwa, mtaalamu aliongozwa na kibano cha kidoleni, kwa mgonjwa mwenye mikono baridi na mapigo dhaifu. Copenhagen waliongozwa na damu ya ateri, iliyopimwa tena na tena. Kadiri unavyopima vizuri, ndivyo unavyoweza kuthubutu kusogea karibu na ukingo. Waliobana oksijeni ya watoto njiti baada ya 1954 walisogea karibu na ukingo bila taa.

Jambo hili linatugusa sisi moja kwa moja. Kipima oksijeni cha kidoleni, kilichotokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, hupitisha mwanga kwenye ngozi na kukisia oksijeni kwa rangi ya damu. Korona ilipoingia, familia nyingi za mjini zilikinunua na kukiweka kabatini pamoja na kipimajoto. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha vipimo vya kidoleni na vya ateri vilivyochukuliwa kwa wakati mmoja. Kibano kiliposema mgonjwa yuko salama, kati ya asilimia 92 na 96, damu ya ateri ilionyesha yuko chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya vipimo vya wagonjwa weupe. Ngozi yetu hukipotosha kifaa, na hukipotosha upande wa hatari, upande wa kusema hali ni nzuri.

Hospitali nyingi za wilaya katika ukanda wetu hazina mashine ya gesi za damu. Penye mashine, mara nyingine vitendanishi vimekwisha. Kilichopo ni kibano cha kidoleni. Kwa hiyo anayesoma BOX kwa furaha na kusema sasa tunaweza kushusha oksijeni, mtungi udumu, anapaswa kujiuliza kwanza ana kipimo gani mkononi. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 una busara hiyo ndani yake: moyo ukirudi, mpe mgonjwa oksijeni asilimia 100 mpaka upate kipimo cha kuaminika, ukishakipata, punguza taratibu hadi kueneza damu kufike asilimia 94 hadi 98, hewa ukaa iwe ya kawaida, na upungufu wa oksijeni uogopwe kwanza. Neno zito pale ni kuaminika.

Swali langu la pili, la namba nzuri kwa mtu asiyeamka, historia imelijibu kwa ukali zaidi. Gesi za damu zinasema kama mapafu na mashine vinafanya kazi asubuhi hiyo. Hazisemi ubongo ulikaa dakika ngapi bila damu kabla mtu wa kwanza hajaweka mikono kifuani. Dakika hizo huamua mengi, nazo hupita kabla daktari yeyote hajafika, sokoni, msikitini, uwanjani, kwenye daladala. Kukandamiza kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hakuhitaji mashine wala maabara, na mtu yeyote mwenye mikono anaweza kujifunza kwa mchana mmoja.

Zile namba nilizoziandika bado ninazo, kwenye daftari la mahesabu la mistari ya bluu. Nikizisoma sasa naona kwamba oksijeni ya siku ya pili ilikuwa milimita 312 na ya siku ya tatu 96. Nesi alikuwa ameona taa yake inawaka, akasogea.